Mlango Unapogongwa

Dada mpenzi,

Pole na mguu. Huku cherehani yangu inakata uzi kama ina kinyongo na mimi.

Leo nimekwenda mahakamani kuomba nitangazwe muflisi. Aibu yake usiniulize. Karani kasema vyombo vya ndani vitapigwa mnada, cherehani nitaachiwa, na wanaonidai sasa watakwenda huko mahakamani, hakuna atakayenibishia hodi tena.

Nikarudi nyumbani, nikagonga. Kitinda mimba wangu akajibu kutoka ndani, vile nilivyomfundisha kuwajibu wadai:

"Baba hayupo."

"Ni mimi, mwanangu."

"Baba hayupo. Amesafiri."

Sikugonga tena, dada. Nimekaa hapa kizingitini nakuandikia, maana mtoto hana kosa.

Ni mimi, mdogo wako.