Faili la Jumamosi

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumai hujambo, na kwamba Baba anaamka vizuri. Mimi mzima, kazi tu ndizo zinazonizonga.

Nimefungua tovuti uliyotengeneza kwa ajili ya duka la uchapaji la Baba. Chai yangu iliisha kabla ukurasa haujafunguka. Umeweka mafaili ishirini na matatu ya JavaScript, yale ya maagizo yanayoendesha ukurasa, la menyu peke yake, la picha peke yake, na simu ya mteja inayachota moja moja kama mtu anayejaza pipa kwa kijiko. Baba alipanga herufi za chuma, akazifunga pamoja kwa uzi, ndipo akazipeleka mashineni. Miaka yote hiyo dukani ulikuwa unatazama nini? Konokono hata akipewa gari ataendesha kikonokono.

Sikiliza, maana sirudii. Ile programu inayosaga maandishi yenu kuwa kurasa, iamuru ifungashe mafaili yote yawe moja. Simu ya mteja italihifadhi mwaka mzima bila kuliomba tena, ndiyo maana litafunguka upesi. Ila kila ukibadilisha kilichomo ndani, jina la faili nalo libadilike, la sivyo aliyelifungua jana atabaki na la jana na hatajua. Kuna sehemu inayobadilisha jina yenyewe. Iwashe. Hata wewe utaweza.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila Baba sasa anashindwa kushika kikombe.

Nimefungasha. Mara ya kwanza mafaili yalijipanga kwa alfabeti, la menyu likatangulia lile ambalo menyu inalitegemea, tovuti ikafa siku mbili. Sasa inakwenda, na jina linabadilika lenyewe.

Naomba kitu kimoja. Usiniite Konokono kwenye barua, kwa sababu Baba huniambia nimsomee. Tangu ulipomwandikia bosi wangu kurasa nane kuhusu makosa yangu, nami nikaachishwa kazi, Baba haniulizi tena nafanya nini. Anauliza tu utakuja lini.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi nina mbavu zinazouma kwa kicheko. Kwa alfabeti! Nimewaonyesha wenzangu hapa ofisini, pamoja na jina lako.

Bosi wako aliniomba maoni, nami sijui kupaka mavi rangi. Kama ukweli ulikufukuzisha kazi, ulaumu uvivu wako.

Msomee Baba hili: ahadi yangu iko palepale. Siku yake ikifika, mkono wa kwanza kutia udongo utakuwa wangu. Nilimwahidi nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda chake, na hilo halina mjadala.

Na usinipigie simu kazini. Andika.

Dada yako

2 Juni

Dada,

Shikamoo. Baba ametutoka leo alfajiri.

Sikupigii simu, kama ulivyoagiza. Habari za maziko nimeziweka kwenye bango lililo juu ya tovuti, ndani ya lile faili moja, na ni hapo watu wote watazisoma. Kwa sasa ni Jumamosi tarehe nane, saa tano asubuhi.

Mdogo wako

3 Juni

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana. Nimelia tangu jana mpaka sauti imenikauka.

Nimeona bango: Jumamosi. Nimepata ndege inayofika Ijumaa mchana. Nitalitazama kila siku, kwa sababu nakujua, huna mpango. Nisubirini. Asitie mtu udongo kabla yangu.

Ukurasa umefunguka upesi. Safari hii umefanya vizuri, mdogo wangu.

Dada yako

10 Juni

Mdogo wangu,

Hali yako sikuulizi.

Ijumaa nilifika nikakuta viti vya kukodi vinapakiwa kwenye gari. Nikadhani ndiyo kwanza vinaletwa. Shangazi akanishika mikono akaniuliza, "Mwanangu, ulishindwaje kumzika baba yako?"

Nikamwonyesha simu yangu: Jumamosi, saa tano. Akafungua tovuti kwenye yake, kwa mara ya kwanza maishani mwake: Alhamisi, saa nne. Wewe ulikuwa mlangoni unatutazama, kisha ukatoka.

Nimepekua historia ya mabadiliko ya tovuti. Jumanne saa tatu na nusu ulizima ile sehemu inayobadilisha jina. Ukaandika kwa mkono jina lile lile la zamani la faili, herufi kwa herufi. Saa nne ukageuza tarehe.

Niambie ulikosea. Wewe hukosea kila siku, mdogo wangu. Sema tu kwamba ulikosea, nitaamini.

Dada yako

11 Juni

Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na usingizi ninapata.

Sikukosea. Ni mara ya kwanza nimefuata maelekezo yako yote bila kuruka hata neno.

Shangazi ndiye aliyetaka Alhamisi, akawapigia wengine simu, mimi sikubisha. Aliponiuliza kama nimekujulisha, nilimwambia nimeandika kwenye tovuti. Na kweli niliandika.

Baba alikuuliza mpaka dakika ya mwisho. Hakuniuliza mimi kama nimechoka, nami ndiye niliyekuwa nikimgeuza kitandani. Nikamwambia umesema huna nafasi. Akageukia ukutani. Udongo wa kwanza niliutia mimi, viganja viwili, kimoja changu na kimoja chako.

Usiniombe nibadilishe jina la faili. Simu yako italitunza mwaka mzima, wewe ndiye uliyenifundisha. Kila ukilifungua, Baba atakuwa anazikwa Jumamosi, na wewe utakuwa bado hujachelewa.

Konokono