Kioo cha Mia Tatu na Sitini

3 Machi

Shikamoo Bibi,

Habari za huko? Mimi mzima, naomba nawe uwe mzima, ukiacha hilo jicho lililopofuka. Pesa za cherehani uliyouza zimenifikia.

Dukani kuna laptop mbili za bei moja, zote za wacheza gemu, maana ndizo zenye nguvu. Nisaidie kuchagua kioo. Picha ya kompyuta ni nukta zilizopangwa kama mishono yako. Ya kwanza ina nukta 2560 kwa 1600, na hubadilisha picha mara 165 kwa sekunde. Ya pili ina 1920 kwa 1080, ila hubadilisha mara 360. Nukta nyingi hutoa ua lenye ncha safi. Kasi ni ya vitu vinavyokimbia, kama magari ya kwenye gemu.

Nakshi zako kumi na moja nitazichora humo kwenye kompyuta mshono kwa mshono, kabla jicho la pili halijalifuata la kwanza. Naahidi.

Mjukuu wako

12 Machi

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Mimi nipo, magoti yananuna lakini yanatembea. Umekula? Usiniambie umekula kama ni chai. Anayeniandikia ni jirani yangu muuguzi, na nimemkataza kupamba maneno.

Tangu nianze kudarizi sijaona ua likikimbia. Nunua kioo cha nukta nyingi, hicho kingine waachie wenye magari. Namba nimesomewa mara tatu, nimezifunga kichwani. Kusoma sijui, kuhesabu najua. Mdarizi asiyejua kuhesabu hutoa ua lenye kilema.

Vitambaa vyote nimevifunga furushi, nimempa dereva wa lori akuletee. Kimoja nilikidarizi nikiwa na mimba ya mama yako, natapika kila baada ya mistari miwili, ndiyo maana jani moja limepinda. Lichore limepinda vivyo hivyo, usinisahihishe.

Daktari anasema jicho la kulia halivuki mwaka huu. Likifunga, nakshi zinabaki kwako.

Bibi yako, anayekupenda kuliko unavyostahili

5 Mei

Shikamoo Bibi,

Samahani kwa ukimya. Vitambaa vilifika, na kompyuta nimenunua ile ile uliyosema. Kioo kinang'aa mpaka raha. Nimeshaanza kuchora. Nakutumia picha yangu nikiwa nayo.

Mjukuu wako

19 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Afya tuiache leo.

Picha nimeisogeza mpaka ikagusa pua, nikaona meno yako tu. Nikamwomba jirani anieleze yaliyobaki, maana nilitaka nijisifu. Akataja shati, akataja kiti, akataja stika iliyo chini ya kioo, karibu na vidole vyako. Nikauliza imeandikwa nini. Akasema mia tatu na sitini. Nikamwambia asome tena. Akasoma, akavua miwani, akaniuliza kama nataka maji.

Sitaki kuambiwa na stika. Niambie wewe umenunua kipi, na umechora ngapi.

Bibi yako

30 Julai

Shikamoo Bibi,

Natumaini hujambo. Ni kweli, nilichukua ile ya pili. Tuna timu ya gemu na wenzangu, nami nilikuwa nabaki nyuma kila shindano. Lakini hata hiki kinachora, Bibi, ukiikuza picha inatosha kabisa. Nilidhani hutaona tofauti.

Kuchora bado sijamaliza. Yule dereva wa lori uliyemtuma avifuate vitambaa vyako, nimempa. Nisamehe.

Mjukuu wako

14 Agosti

Mjukuu wangu,

Marahaba. Jicho la kulia limefunga wiki iliyopita, asubuhi, nikimenya vitunguu. Machozi yalikuwepo tayari, sikuongeza mengine.

Unasema hata kioo hicho kinachora. Sibishani na mjuzi. Basi kilichonidanganya si kioo. Furushi limerudi, nikalipapasa kabla jirani hajaligusa. Fundo lilikuwa langu. Nazungusha mara mbili kwa mkono wa kushoto na kuficha ncha, hakuna mwingine afungaye hivyo. Miezi yote hiyo hukulifungua hata uone rangi.

Na lile neno lako, kwamba sitaona tofauti, jirani alitaka kuliruka. Nilimsikia akimeza mate, nikamwambia soma. Akasoma. Sufuria ikaungua, hakuna aliyeinuka.

Sasa amenunua daftari la hesabu, lile la vijumba. Mshono mmoja, kijumba kimoja. Mimi napapasa na kuhesabu kwa sauti, yeye anapaka rangi. Anakosea, namgombeza, anafuta. Tumemaliza nakshi mbili, na lile jani amelipinda sawasawa. Zote kumi na moja ni zake, nimemtamkia mbele ya mama yako. Wewe usiziulize.

Usiache kula. Nyumba hii bado ni yako, na kitanda chako hakuna aliyekilalia. Ukija, sema mlangoni kwamba ni wewe. Sitakuona.

Bibi yako