Kikwembe chenye Alama ya Pasi

Yaya Georgette, Vainqueur wangu bamemuweka munganga mukubwa wa kituo chao cha afya. Yule mutoto aliyesoma kwa kibatari.

Angalia, nimetanguliza habari mbele ya salamu. Jambo yaya. Uko muzima huko Lulimba? Goti la shemeji Jacques limepoa? Sisi hapa Baraka tuko bazima, mi hata nimenona. Sokoni bananiita Mama Docteur. Najifanya sisikii, ili baite tena.

Lakini kuna kitu kinanikwaruza roho. Pale kituoni kuna ubao: kuzaa ni bure, na bakimbizi ba Lusenda banatunzwa bure. Basi hivi bikwembe bya kujifunga mutoto ananiletea kila mwezi binatoka wapi? Alisema ni zawadi za bagonjwa. Yaya, zawadi inakuja mupya. Hivi bilikuwa bimefuliwa.

Siku ya Mungu iliyopita nilivaa kile cha buluu kanisani. Tulipotoka, mama mumoja Murundi wa Lusenda, jina lake Capitoline, akanifuata, akashika pindo penye alama ya pasi. Akaniuliza polepole kama nilikinunua. Nikamujibu kwa kiburi kwamba mwanangu ni munganga. Akasema yule munganga alikataa kumuruhusu atoke na mutoto mpaka alipe. Hakuwa na kitu, akaacha kikwembe cha marehemu mama yake kama rehani, bila karatasi. Nikamuambia asichafue jina la mutoto wangu. Akaenda. Mutoto alikuwa amemubeba mugongoni kwa taulo.

Yaya, nikuambie wewe peke yako. Nilijua tangu kile cha tatu. Kilikuwa na doa la maziwa ya mama. Nililisugua mi mwenyewe, nikakianika nyuma ya nyumba.

Juzi nilienda Lusenda kumuomba Capitoline musamaha. Amekubali kuja na benzake. Vainqueur anajua tu kwamba tunamufanyia sikukuu ya cheo. Sanduku langu lenye bile bikwembe litakuwa katikati ya kiwanja, na yeye mwenyewe atamupa kila mama chake, mbele yenu bote. Kile nilichokutumia Noeli, ukilete. Kama ulikishona, lete hivyo hivyo.

Musalimie shemeji na batoto. Ni mi mudogo wako, Mama Vainqueur, ninayebangojea bote, hata mwenye goti, siku ya Mungu tarehe kumi na mbili, tukitoka misa.