Kufa kwa Kiswahili

4 Aprili

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili, ila kichwa kinawaka moto.

Hatimaye uongozi wa ukumbi wetu umekubali. Ile opera ya Kiitaliano tutaiimba yote kwa Kiswahili, baada ya mimi kuwapigia kelele mpaka wakachoka. Nimepewa nafasi ya binti anayefia mikononi mwa mama yake. Kwa Kiitaliano nimeshakufa mara nyingi, macho makavu kabisa, nikitoka hapo naulizia chakula.

Jana tulifanya mazoezi ya kifo hicho. Nilipofika kwenye “Mama, usiondoke bado,” nikalia. Nikarudia, nikalia tena. Maana yake nilikuwa naijua siku zote, Mjomba, lakini kwa Kiitaliano maneno yalikuwa ya yule binti. Kwa Kiswahili ndiyo niliyomwambia dada yako hospitalini. Kiongozi wa okestra amesema nisipoweza kufikia mwanzo wa Mei, tunarudi kwenye Kiitaliano. Sitaki, sitaki hata kidogo! Wewe umeongoza kwaya ya mazishi maisha yako yote. Nyie mnaimbaje bila kulia?

Mpwa wako

9 Aprili

Kasuku wangu,

Marahaba, mwanangu. Goti linauma likijisikia, lakini hatujambo.

Nani kakudanganya kwamba hatulii? Tunalia sana, ila tunalia mapema. Kabla ya mazishi nawakusanya wanakwaya, nafunga kinanda, naondoa tuni. Kila mmoja anamwambia mwenzake maneno ya wimbo, macho kwa macho, kama anazungumza na mtu wake. Sauti ya kwanza hulia. Besi hujifanya wanaume, kisha hulia kuliko wote. Tunarudia mpaka maneno yazoee mdomo, na kesho yake ndipo tunaimba.

Wewe umeanza na tuni, ndiyo maana. Sasa usiniletee habari za kurudi nyuma. Njoo Jumamosi uniambie mimi maneno hayo. Nami nilikuwa katika chumba kile cha hospitali, upande wa pili wa kitanda cha mama yako.

Mjomba wako

3 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Pole na uchovu wa Jumamosi zote hizo. Majirani zako wameacha kuuliza nani amefariki?

Leo nimeimba mbele ya wote. Nilipofika pale kilio kilitaka kunirudia, nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia “Sema tena,” bila huruma, na wewe mwenyewe machozi yanakutoka. Nikasema tena, safari hii kwa tuni. Nimefika mpaka mwisho! Kiongozi wa okestra alifuta miwani yake, akasema Kiswahili kinabaki.

Onyesho la kwanza ni Ijumaa ijayo. Kiti chako kiko safu ya tatu. Usipokuja usinisingizie goti.

Mpwa wako

16 Mei

Mwanangu,

Natumai umepumzika na sauti iko salama. Sisi tu wazima. Umenitafuta baada ya onyesho hukuniona, najua, na umenuna.

Nilikuja, tena kwa suti. Mwanzoni nilifurahi mno. Mama mmoja aliyeketi kando yangu alisimama akapaza sauti, “Usimwamini huyo, binti!” na safu nzima ikamuunga mkono. Kwa Kiitaliano sijawahi kuona mtu akimwonya mwimbaji. Kisha ukalala pale kitandani. Nikajiambia maneno hayo nimeshayasikia sebuleni kwangu mpaka yameisha makali.

Ukaimba. Mimi niliyezika nusu ya mtaa kwa nyimbo nilitoka nje nikigongana na magoti ya watu. Nikasimama ukutani karibu na mlango, na kila neno likanifuata hapo. Hukutetereka hata mara moja. Ni mimi niliyeshindwa.

Mama yako, kila tulipokuja kukusikiliza ukiimba Kiitaliano, alikuwa akiniinamia sikioni, “Anasema nini sasa?” Nami nilikuwa namwambia anyamaze, kwa sababu sikujua. Ijumaa nilijua. Nilitaka kumjibu, Kasuku, na hakuwepo wa kumjibu.

Nitarudi Jumapili. Niwekee kiti katikati kabisa ya safu, mahali ambapo mtu akitoka anajiaibisha.

Mjomba wako