Kete Moja Mkononi mwa Bwana Shee

Jumatatu, 2 Mfunguo Tano 1330
Siku ya pili ya mashindano ya bao, barazani Mkomani. Mwamuzi ni mimi peke yangu. Mshindi atakwenda Mvita kupambana na mabingwa wa huko. Bwana Bakari wa Pate: mkono mwepesi, subira hana. Bwana Kombo wa Kiunga: hesabu zake nzuri, lakini akitaniwa huharibikiwa. Bwana Shee hana mfano. Ndiye aliyenifundisha bao. Ila leo amecheza polepole mno, akiutazama mkono wake kila anapodondosha kete. Sikupenda.

Jumatano, 4
Mchezo wa mwisho. Shee na Bakari. Shee ameshinda, watu wakashangilia. Bakari akataka kete zihesabiwe. Sitini na tatu. Nikahesabu tena. Sitini na tatu, na bao ni kete sitini na nne. Nikamwambia Bwana Shee afumbue mkono wa kulia. Akaufumbua palepale. Kete ikaanguka kutoka baina ya vidole viwili vya mwisho.

"Mwivi!"

Ni mimi niliyepaza sauti. Mbele ya watu wote. Hakujitetea. Alivaa makubadhi, akaenda zake. Miaka ishirini nilimwamini.

Alhamisi, 5
Nimemtangaza Bakari mshindi. Sina raha. Mke wangu kaniuliza, "Mwizi gani aambiwa fumbua mkono, akafumbua bila kusita?"

Ijumaa, 6
Baada ya sala nimekwenda kwa Bwana Shee, Wiyoni. Kanikaribisha kama kwamba hakuna lililotokea. Akaliinua dele la kahawa kutoka kwenye makaa kwa mkono mtupu. Nikasikia ngozi ikiungua. Harufu. Naye anaendelea kuniuliza habari za nyumbani! Nikapiga ukelele. Akautazama mkono kama wa mtu mwingine.

Ukoma, akaniambia. Vidole havihisi kitu tangu mwaka jana. Kete ile ilikwama, wala hakujua.

Nikasema nitawaeleza watu kuwa hakuiba.

"Ukinena, umeniua," akasema. "Mwivi huketi na watu. Mkoma hutolewa ndani ya mui, akae mbali na watu."

Akanimiminia kahawa. Nilikiogopa kikombe. Nikanywa. Nikaona haya kwa kuogopa.

Jumamosi, 7
Sijala. Nimemwita mgonjwa mwizi, na siwezi kulifuta neno. Nikisema kweli namwangamiza. Nikinyamaza namwangamiza kidogo kidogo. Ya Rabbi.

Jumapili, 8
Bakari amesafiri kwenda Mvita. Barazani wamemtaja Bwana Shee kwa jina lile nililompa mimi. Nimenyamaza.

Alasiri nikaenda kwake, tukacheza bao. Yeye alitaja shimo, mimi nikamchezea kete zake, kisha zangu. Mkono wake ulilala mapajani, umefungwa kitambaa. Amenifunga mara tatu. Mara ya tatu akacheka.