Sauti ya Mama Ndani ya Telefone

Jumatatu, 6 juin

Hubert amekubali! Ekrani zote nilizochora, hata ile butoni kubwa ya kijani. Yeye njo anaandika programu, iko Walikale. Mimi niko huku Mushaki, nachora. Hatujawahi kuonana, tunajuana kwa WhatsApp tu. Application yetu iko rahisi: mwenye ng'ombe anagusa picha ya bidon ya maziwa, pikipiki inakuja kuyachukua. Mwenye duka anagusa picha ya fromage, ile jibini ya kwetu, anaagiza. Nimecheka peke yangu mpaka Mama akauliza kama niko mugonjwa.

Shida moja tu. Jua likiwaka, maandishi hayaonekani. Tena watu wengi hawapendi kusoma. Butoni inapashwa kusema. Tunatafuta sauti.

Jumatano, 8 juin

Nilijaribu sauti yangu — kama mutoto anayesoma Biblia mbele ya kanisa. Hapana.

Nikamuomba Mama. Alikuwa anakamua. Hana wakati wa michezo ya telefone, akasema. Kisha, bila kugeuka:

"Niseme nini?"

"Sema tu: Karibu, gusa hapa."

Akasema. Mungu wangu. Kama mutu anayekufungulia mulango na chai iko tayari. Nikatuma Walikale. Hubert akajibu mbio: "Daphrose, usibadilishe kitu. Hii njo yenyewe."

Jumamosi, 11 juin

Application imetoka! Nimetuma link kwa kila mutu — hata kwa Papa, kule Pinga, anauza fromage. Mama sikumuambia. Papa aliuza Bihogo, ng'ombe ya Mama, bila kumuuliza. Wakagombana, Papa akapanda pikipiki akaenda Pinga. Tangu siku ile Mama hatamki jina lake. Na Papa sikumuambia sauti iko ya nani.

Jumapili, 12 juin

Mama amekuwa nyota. Tulipotoka kanisani, dada mumoja wa kanisa, Byukusenge, alimunyooshea mukono: "Karibu, gusa hapa." Watu wakacheka mpaka pasteur akatoka kuangalia. Mzee Bisengimana anasema kila akigusa butoni anajibu "asante, Mama," na ng'ombe wanamushangaa.

Mama anajifanya amekasirika. Lakini njia nzima alitembea polepole, ili watu wamufikie.

Jumanne, 14 juin

Papa amepiga simu asubuhi. Rezo ya simu mubaya, sauti inapotea, inarudi.

"Mutoto yangu, application yenu iko na kasoro."

Nikauliza butoni gani.

"Ile inasema karibu. Inakatika haraka. Mutu hajamaliza kusikia, imenyamaza."

"Lakini Papa, unagusa mara moja, unaagiza fromage, basi."

Nikadhani rezo imekufa.

"Mimi sitafuti fromage," akasema.

Nilikaa chini, hapo hapo kwenye majani yenye umande. Papa yangu! Yeye mwenye aibu hivyo!

"Ile ya Bihogo nilikosea," akasema. "Nilipashwa kumuuliza Mama yako kwanza. Sasa muulize wewe kama anaweza kuongeza maneno. Yoyote tu. Hata ya kunitukana."

Nilikimbia kwa Mama. Alikuwa anasugua bidon. Nikamuambia yote, neno kwa neno. Akaendelea kusugua ile bidon, na ilikuwa imeshatakata zamani.

"Alisema hata ya kumutukana?"

"Alisema hivyo."

"Yeye mwenyewe, kwa mudomo yake?"

"Yeye mwenyewe."

Akaingia ndani. Nikajua imekwisha, nimeharibu. Kumbe alikwenda kunawa uso. Ametoka na kitenge cha sikukuu. Nikamukumbusha application inabeba sauti tu, hataonekana. "Nilikuuliza?" akasema, akavuta kiti.

Nimechora butoni mpya, ya telefone ya Papa peke yake. Hubert anauliza kwa nini tunabadilisha kitu kinachotembea vizuri. Nitamujibu baadaye. Siwezi kujibu na kucheka pamoja.

Mama iko mbele yangu, anatafuta maneno. Amenikataza kumuangalia, njo maana ninaandika. Amekohoa. Ananyoosha kitenge. Anauliza kama inarekodi.

Nimesema ndiyo, Mama, inarekodi.

Amevuta pumzi. Ameshika telefone kwa mikono miwili, karibu sana na mudomo —

"Papa Daphrose," anasema, "sikia..." Naweka kalamu chini, nisikie na mimi.