Kipanga Bila Mashaallah

Jumatatu, 15 Septemba

Gwaride la asubuhi. Mahudhurio. Chaki zimekwisha tena. Nimeazima kwa mwalimu wa Jiografia. Kisha Kidato cha Nne, kusomesha Kiswahili, na papo hapo kutafuta kiini cha hotuba yangu ya Jumamosi kwa wazee wa wanafunzi. Mada niliyojichagulia: heshima ya elimu katika lugha ya vijana. Nikawauliza. Zama zetu mwanafunzi mwenye akili tulimwita kipanga. Je, nyinyi bado mnalitumia neno hilo?

Kicheko. Hamad, wa dawati la nyuma, hakungoja ruhusa. "Mwalimu, hilo neno la babu zetu. Kipanga si yule mwizi wa vifaranga?"

Basi mnasemaje? Mmoja akasema mwamba. Mwengine, mnyama. Kisha Hamad tena: "Hapa kwetu twasema Mize tu. Mtu akipata hesabu ngumu, twamwambia, leo umekuwa Mize."

Mize Faki akajifunika uso kwa mtandio. Binti wa kijiji cha Tumbe. Mama yake anakausha dagaa. Alihamia kwetu Kidato cha Tatu. Kabla ya hapo wa kwanza alikuwa Nasra. Nasra ni mwanangu.

Jina la mtu limekuwa neno. Nimelitia katika hotuba. Nasra naye alicheka. Alikoma kabla ya wenzake.

Jumatano, 17 Septemba

Matokeo ya mtihani wa majaribio yamekamilika. Mize wa kwanza kila somo isipokuwa Kiarabu. Nasra wa pili. Nimejumlisha upya alama za wote wawili, peke yangu ofisini, mlango nimeurudisha. Hakuna kosa. Wakati ule sikuona haya. Naona sasa ninapoandika.

Jumamosi, 20 Septemba

Ukumbi ulijaa. Nilizungumza vizuri, huwa najua ninapozungumza vizuri. Nilianza kwa kumhimidi Mola na kumsalia Mtume, nikapanda taratibu hadi kwenye lugha ya vijana, na wazee wakacheka palipostahiki kuchekwa. Ndipo nikamsimamisha Mize. Nikasema: "Vijana wanatwambia neno kipanga limezeeka. Basi tazameni. Kipanga wetu huyu hapa, na mfano wake hamna katika skuli hii."

Nikanyamaza. Ukumbi nao ukanyamaza. Ulikuwa ukingoja neno moja, ambalo huku kwetu hata mtoto anayesifu mbuzi wa jirani hulisema. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akanikumbusha kwa adabu: "Mashaallah, mwalimu." Minong'ono ikamfuata, mashaallah, mashaallah. Wakalisema wao kwa niaba yangu. Mimi nikafungua ukurasa wa pili.

Mize alibaki amesimama. Sikumwambia akae.

Jumatatu, 22 Septemba

Mize hakuja. Homa na kichwa, wanasema wenzake.

Nikipita dirisha la Kidato cha Nne nimemsikia Hamad: "Hebu nisifuni na miye, nipate likizo." Hakuna aliyecheka. Akaniona. Akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa makubadhi.

Alhamisi, 25 Septemba

Leo alikuja ofisini Bi Raya, mama yake Mize. Alipanda gari ya samaki hadi njia panda, iliyobaki akaitembea. Tulisalimiana, tukaulizana hali za nyumbani. Kisha akafungua ncha ya kanga, akatoa chupa tupu, akaiweka juu ya meza yangu.

"Mwalimu, nimekuja kuomba maji yako ya udhu."

Jambo hili si geni kwangu. Mtu akisifu bila kumtaja Mungu, jicho lake likadhuru, hutawadha, na maji yaliyomdondoka akaogeshwa mgonjwa. Nimelisoma chuo cha Kurani nikiwa mdogo. Hata hivyo nilimjibu kwa hotuba: malaria, vipimo, daktari. Akanisikiliza hadi mwisho. Hospitali keshakwenda. Damu wameitazama, hawakuona kitu. Vidonge anakunywa, na homa iko pale pale.

"Sikulaumu, mwalimu. Jicho hata mama humtia mwanawe. Nipe maji tu, nende zangu."

Nikasema sina husuda na mtoto. Nililisema kwa sauti ya jukwaani, mbele ya mtu mmoja.

Akaifunga tena chupa yake. "Basi nampeleka Wambaa kwa shangazi yake. Kule hapana anayejua kama ana akili."

Mtihani wa Taifa ni Novemba. Akienda Wambaa hataufanya. Nilikuwa nalijua hilo, na nikainuka kumfungulia mlango.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimeandika na kukata. Naandika tena.

Nilipomsimamisha Mize, sikumtazama yeye. Nilimtazama Nasra. Na lile neno sikulisahau. Lilikuwa mdomoni, nikalizuia. Kwa kitambo kifupi nilitamani mtoto wa watu ateleze, mara moja tu, mwanangu apite. Mimi, mwalimu mkuu. Mlezi wa wote, kama nijitajavyo kila mwaka mbele ya wageni rasmi.

Sijui kama jicho huleta homa. Najua kwamba lilikuwepo.

Mchana, tukila, Nasra aliniuliza: "Mama, siku ile ulisahau?" Nikamwambia nilisahau. Akaendelea kuchambua miba ya samaki. "Miye nilikusemea moyoni," akasema.

Sikuimaliza sahani.

Jumapili, 28 Septemba

Tumbe, asubuhi. Bi Raya alikuwa uani akigeuza dagaa. Mlangoni palikuwa na begi la skuli na kifurushi cha nguo, vyote vimefungwa tayari kwa safari. Nikamwambia nimekuja kutawadha.

Akaleta beseni na kopo, akanimiminia mwenyewe. Uso. Mikono hadi viwikoni. Majirani wakaacha kazi zao wakatazama. Nimezoea kutazamwa na watu. Si nikiwa nimevua viatu.

Tulipofika miguuni nikamwambia, kwa sauti ambayo siitumii popote: "Bi Raya, hilo jicho nilikuwa nalo."

Akaendelea kumimina. "Inua mguu wa pili, mwalimu. Maji yanamwagika nje."

Nilitaka anitukane. Ingekuwa nafuu.

Mize akatoka amejitanda shuka, amedhoofika, macho makubwa. "Chikamoo mwalimu." Nikasema mashaallah, tabaarakallah, wote wakasikia. Mama yake akanyanyua beseni kwa mikono miwili, akamtanguliza mwanawe ndani. Nikavaa viatu miguu ingali na maji. Lile begi sikuthubutu kuliuliza.

Jumanne, 7 Oktoba

Mize amerudi. Kwa maji au kwa vidonge, sijui, na sitasimama jukwaani kulieleza. Amekonda. Amekaa dawati moja na Nasra. Ni Nasra aliyemsogezea nafasi. Wamegawana rula.

Nilipoita mahudhurio nikafika jina lake, darasa zima likajibu kabla yake: "Mashaallah!" Hamad kwa sauti kuwapita wote. Ndilo neno lao jipya, nasikia. Anayepata hesabu ngumu huambiwa, leo umekuwa Mize Mashaallah. Mwenyewe akacheka ndani ya mtandio.

Na mimi nilisema, nimeinamia meza. Njia nzima ya kurudi nyumbani nimejichunguza kama lilitoka moyoni. Nusu yake, nadhani.

Kesho nitalisema tena.